Toa Gambuti Nione

Ndugu zangu, leo msinipigie makofi kwanza. Nimekuja na hasira. Mnanijua, mimi ndiye muosha matumbo kule machinjioni Kiamaiko, na dawa za virusi vya Ukimwi tunameza pamoja miaka hii yote.

Mpango wetu mnaujua. Mmoja anaenda kliniki kwa zamu, anatuchukulia dawa sote, wengine tusikose kazi. Huko anapewa fomu: nani anatokwa damu, nani ana uvimbe, nani ana madoa? Anatakiwa awe ametuuliza mmoja mmoja. Nani humu amewahi kuuliza? Msiangalie chini! Tunajaza "hapana" kwa kila jina tukiwa kwenye foleni, basi.

Nami nikatokwa na doa mguuni, halafu matatu, halafu mengi, rangi ya maini. Hayakuuma. Nikasema ni gambuti zinanibana, maana nashinda majini. Nikapaka mafuta. Na niseme ukweli, dawa nilikuwa naruka, wakati mwingine wiki nzima. Mguu ukavimba. Kwenye fomu yenu, mimi nilikuwa mzima.

Aliyeniokoa hata si wa kikundi hiki. Ni mama mmoja tunayeosha naye matumbo. Alinikuta napasua gambuti kwa kisu ili mguu uingie.

"Wewe! Toa hiyo gambuti nione."

"Ah, ni kiatu tu kinabana, mama," nikamwambia, nikicheka.

"Kiatu gani kinabana mpaka mdomoni? Hebu fungua mdomo tena."

Nilipocheka alikuwa ameona doa ndani ya mdomo, kwenye kaakaa. Akaacha ndoo zake pale pale, akanishika mkono hadi hospitali.

Walinikata kipande cha ngozi, wakapima. Saratani. Daktari akaniambia ni ile inayopata nafasi virusi vikiachwa vitawale mwili. Akasema, "Inatibika, lakini usiruke dawa tena." Nilitiwa dawa ya saratani miezi mingi. Nilitapika, nywele zikaisha. Nilimkasirikia kila mtu.

Halafu siku moja, dripu ikiwa mkononi, nikamkumbuka mwenzetu tuliyemzika. Yule wa saratani ya mlango wa kizazi, aliyetokwa damu akaficha. Fomu ya mwisho iliyosema ni mzima niliijaza mimi. Mimi! Hata simu sikumpigia. Hasira hiyo haijaniisha, na sitaki iniishe.

Namshukuru yule mama aliyeacha ndoo zake. Nawashukuru madaktari, nanyi mlioniletea uji nilipolala. Mguu umepona, naukanyaga. Lakini uji wenu ulikuja nikiwa nimeshaanguka, jamani. Tuulizane kabla.

Kesho zamu ni yangu. Fomu hii hapa, na hatoki mtu humu kabla sijamuuliza na kumtazama. Tutaingia kile chumba cha nyuma mmoja mmoja, na atakayesema "mimi mzima" nitamtazama mara mbili.

Tuanze na wewe uliyekaa karibu na mlango. Toa viatu.