Mashine ya Kufuli Inataka Kitu Kimoja

Benchi letu liko kati ya kinyozi, ambaye ni mimi, na kibanda cha fundi funguo, ambaye sote tunamwita Kufuli. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na upande mmoja umebonyea kwa sababu Volti, fundi umeme, hakai penginepo. Jioni Bi Buli akifika na kahawa yake kazi zote husimama, hata mteja aliyenyolewa nusu kichwa atasubiri. Kijiwe kina sheria moja: hakuna mtu wa benchi hili anayenunua kitu kikubwa bila kukipitisha hapa, na mwenye shauri hufunga mdomo mpaka buli lizunguke mara ya pili. Shauri la Kufuli ni kompyuta, na jana alilileta tena. Kwa mara ya ngapi, mimi sijui, ila wali wa matanga huliwa mara chache kuliko hilo.

Asiyejua nimweleze. Kufuli ana mtoto mmoja tu, kijana wake, aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo. Kwenye simu kijana ni "salama, baba, na nyumbani?" basi, kimya. Lakini wawili hao walikuwa na mchezo wao wa kompyuta wa kuendesha malori. Kila Jumamosi kijana anatangulia na lori lake, baba anafuata nyuma, wamevaa vipokea sauti masikioni, wanapeleka mizigo kwenye miji isiyokuwepo duniani, na njiani wanazungumza. Humo ndimo kijana alimosimulia habari za bosi anayemnyanyasa na za msichana aliyemkataa. Halafu mchezo ukatolewa mpya, mzito, kijana akahamia huko. Mashine ya Kufuli haiuwezi. Lori likifika mzunguko wa kwanza, barabara inapotea na skrini inaganda. Uwezo wa Kufuli kwa sasa ni kubadilisha kitu kimoja tu ndani ya ile mashine, na swali ni kipi.

Volti alianza, maana siku zote huanza yeye.

— Pawa saplai. Hiyo ndiyo inayowagawia wenzake wote umeme. Na iko chini kabisa. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Wahenga walisema habari za kompyuta? akauliza Bi Buli huku akimimina.

— Walisema uvunguni, mama. Kompyuta yake iko wapi? Uvunguni mwa meza!

Sindano, fundi cherehani, aliweka kikombe chini. Huyu akikohoa tu, ujue ana hoja.

— Umeme unaingia, sawa. Na pumzi? Nimeiona ile mashine, imevaa vumbi sweta juu ya sweta. Wewe ukivishwa hivyo utakimbia? Feni, jamani. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Wewe kila kitu nguo.

— Na wewe kila kitu waya.

Profesa alikuwa anatabasamu kwa huruma, kama daktari anayesikiliza waganga. Profesa anauza kava za simu. Kompyuta hana, hajawahi kuwa nayo, lakini video zote zinazohusu kompyuta amezitazama.

— Mmemaliza? Ni kadi ya picha, nukta. Hiyo ndiyo inayochora kila unachokiona: mti, lami, mvua kwenye kioo. Ya mzee ni ya zamani. Ni sawa na mchoraji mmoja kuambiwa achore harusi nzima kabla bibi harusi hajashuka garini. Atamaliza vipi?

— Kadi kubwa inakula umeme, Volti akasema. Ukiiweka juu ya pawa saplai ile ya kale, pu! Giza.

— Hilo kweli, Profesa akakubali, na alipokubali akaharibu. Halafu kuna prosesa, ubongo wa mashine. Kadi mpya na prosesa kuukuu ni mkimbiaji aliyefungwa mguu kwa mguu na babu yake. Kwa hiyo kadi, pawa saplai, prosesa, na ubao unaoshika prosesa...

— Na meza, nikasema mimi. Na nyumba.

— Tumeambiwa kitu kimoja! Bi Buli akakumbusha. Mimi nasema memori. Mwongezee kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Bi Buli, memori haiuzwi kwa vijiko, akasema Profesa.

— Kwani hata kahawa ilikuwa haiuzwi kwa kikombe, ni mimi niliyeanza.

Hapo kijiwe kikapamba moto. Profesa akaja na habari ya mashine zinazopozwa kwa maji, yanazunguka kwenye mipira ndani ya kasha. Volti akasimama kabisa.

— Maji na umeme nyumba moja? Hiyo ni ndoa au ni msiba?

Sindano akasema amesikia zenye taa za rangi ndizo zinazokimbia, kwa hiyo Kufuli atie taa na mambo yaishe. Volti akadai kosa si la mashine hata kidogo, ni la mtaa. Pasi ya Sindano ikishika moto, umeme wa jirani unalegea, na lori la Kufuli linazimika huko liliko. Sindano akaapa kwamba Jumamosi hapigi pasi. Profesa akashusha sauti, akasema kampuni za michezo zina siri: mchezo unaipima mashine yako, ukiikuta dhaifu unakupa barabara mbovu makusudi ili ukanunue nyingine.

— Hata barabara za kuchora zina ufisadi? akauliza Volti.

Tukacheka. Kufuli naye alicheka, lakini alikuwa anageuzageuza kikombe chake kitupu na hakumtazama mtu.

Sindano ndiye aliyetuzima, bila kukusudia.

— Mimi nina lingine, msinicheke. Ile mashine alikuwa akiiwasha kijana tangu siku ya kwanza. Kitu kinamzoea mtu. Cherehani yangu akiikanyaga mwingine inakata uzi. Huenda haijachoka. Huenda imemkosa mwenyewe.

Bi Buli akaanza kuzungusha buli mara ya pili, na kwa sheria yetu Kufuli sasa aliruhusiwa kusema. Hakusema. Na nikiwa mkweli, hata siku zilizopita hakuwahi kusema la maana, kwa sababu kila buli lilipozunguka mara ya pili sisi tulikuwa bado tunagombana, na shauri likaahirishwa. Tumejitungia sheria ya kumnyamazisha mwenye shauri, kisha tunashangaa hatulielewi shauri lake. Akili za kijiwe hizo.

Alikuwapo mama mmoja mgeni aliyekuja kuchongesha ufunguo. Alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda na kufuli lake mkononi, anasubiri tumalize. Yeye sheria yetu haijui.

— Samahani, baba, akamwambia Kufuli. Ule mchezo wa mwanzo ulifutwa?

— Haukufutwa, mama.

— Mashine yako inauweza?

— Vizuri tu. Haukwami hata kidogo.

— Sasa si mcheze huo?

Volti akanitazama mimi, mimi nikamtazama Sindano. Miezi yote hiyo, feni, maji, taa za rangi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliuliza hilo.

Kufuli aliweka kikombe kwenye ubao.

— Nauingia, akasema. Kila Jumamosi. Naegesha lori kwenye kituo cha mafuta pale tulipokuwa tunakutana, namsubiri. Mwanzoni alikuja mara moja, akaniambia baba, hapa pamebaki pweke, wenzangu wote wako kule kupya, tengeneza mashine unifuate. Nikamwambia natengeneza. Tangu hapo haji.

— Basi atengenezewe! akasema Volti kwa sauti ambayo haikuwa yake. Tufanye hata usiku wa leo, nitafunga mwenyewe.

Yule mama alikuwa bado anamtazama Kufuli. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayejua mtoto ni nini.

— Na ukishaifunga hiyo kadi, ukafika huko kupya, atakuwa anakungoja?

Bi Buli aliinamisha buli juu ya kikombe cha Profesa, yakatoka matone mawili ya mashapo, na hakuomba radhi.

— Sijui, mama, Kufuli akasema. Ndiyo maana sijainunua. Mashine ikiwa mbovu, kosa ni la mashine. Kila jioni nawaletea hawa shauri, wanagombana, narudi nyumbani nimefurahi kwamba bado ni mbovu.

Nilitaka kumwambia kijana ni wake, atamngoja tu, damu nzito kuliko maji. Lakini maneno ya hivyo tulishayamaliza kwa feni na pawa saplai, na mimi simjui kijana wa watu.

Kufuli aliingia kibandani, akachonga ufunguo wa yule mama, akaujaribu kwenye kufuli lake mpaka ukazunguka bila kukwaruza, akampa. Kisha akashusha mlango wa kibanda jioni ile, jua bado lipo, jambo ambalo sijawahi kuliona.

— Profesa, akasema, inuka unionyeshe hilo duka la kadi. Haraka, kabla sijapata jambo lingine la kuwauliza.