Symphorien Mwansa na Nafasi ya Besi

Marehemu Symphorien Mwansa alizaliwa Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, tarehe 9 Machi 1921. Baba yake alipopata kazi ya reli, familia ilihamia Élisabethville.

Alisoma kwa mapadri hadi mwaka 1936, na huko akajifunza kinanda cha kanisa. Padre alimkemea kwa kuchelewesha nota. Yeye akajibu, "Mon père, niko nangoja baimbaji bapumue."

Alikuwa karani wa bohari. Tarehe 16 Agosti 1947 alifunga ndoa na Virginie Mujinga.

Mwaka 1950 alisikia santuri iliyotoka Amerika: piano, besi na ngoma, basi. Hapakuwa na tarumbeta wala mwimbaji, ila watu watatu wakizungumza taratibu, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Aliirudia mpaka ikakwaruza. Ndipo akawatafuta Faustin Mumba wa besi na Lucien Nkandu wa ngoma. Jumapili alasiri, katika baa moja ya Cité Albert, watu waliokuja kucheza dansi walijikuta wameketi, kimya, wakisikiliza.

Faustin alifariki Juni 1955. Jumapili iliyofuata wawili waliobaki walipiga. Symphorien aliacha nafasi ya besi kama kawaida, na ile nafasi ikajaa. Bilauri zilitetemeka mezani. Virginie alisogea hadi kwenye piano.

"Baba Claudine, nani iko anapiga?"

"Tuko batatu," alijibu bila kugeuka.

Hakutafuta mpiga besi mwingine. Watu walizidi kuja, lakini meza ya kona alikosimama Faustin haikukaliwa tena.

Mwaka 1957 alianza kuugua mapafu. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Mei 1958, jua likiwa dirishani. Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya blanketi, kisha vikasimama, vikingoja. Virginie alikuwa akisali kwa sauti.

"Nyamaza kidogo, mama," alimwambia. "Sasa njo zamu yangu ya kupiga."

Ameacha mjane, Virginie. Watoto wawili, Claudine na Adalbert. Dada yake Delphine. Na rafiki yake Lucien, ambaye familia ilimwomba apige ngoma hapa kaburini. Amekataa.

"Nikianza," alisema, "bale babili bataitika."

Bwana ampokee Symphorien na kumpa pumziko lenye amani.