Afande Kumi na Nne Avua Kofia

Baada ya miaka thelathini na tatu, miezi miwili na siku tisa kazini, Sajenti wa zamu ya asubuhi katika kituo hiki anastaafu leo Ijumaa, saa kumi kamili jioni. Mkuu wa kituo aliomba wasifu wa kurasa mbili kwa ajili ya programu hii ya kumuaga, uwe wa kweli na uchekeshe. Aliniomba mimi, kitindamimba wa Sajenti, kwa sababu mwalimu wangu alimwambia kuwa insha zangu hazina makosa ya tahajia. Ameahidi kuwa hatakata neno hata moja. Tunamshukuru mapema.

Sajenti alijiunga na polisi akiwa kijana mwembamba. Wembamba huo tutauhitaji baadaye. Chuoni alikabidhiwa kofia, mkanda, filimbi na kitabu kinene cha jalada la kijani, kinachoeleza mamlaka ya askari na sheria anazopaswa kuzijua akiwa kazini. Kofia imebadilishwa mara sita. Mkanda umebadilishwa mara kumi na moja, na kila mpya ulikuwa mrefu kuliko uliotangulia. Filimbi ilipotea. Kitabu ndicho kilichodumu, kwa sababu kiliwekwa chini ya mguu mfupi wa meza yetu ya chakula wiki ile ile aliyooa, na hapo kikatumika miaka yote bila likizo.

Katika kitabu hicho Sajenti alibaki na namba moja tu. Kitanda chake bwenini kilikuwa cha kumi na nne. Siku moja mkufunzi aliuliza ghafla mtu hukamatwa kwa kifungu gani, na kijana akataja namba iliyokuwa karibu zaidi na ndoto zake. Mkufunzi, ambaye huenda naye hakuwa na uhakika, akasema, "Vizuri, keti." Kazi yote iliyofuata ilijengwa juu ya hilo "vizuri".

Tangu hapo kila aliyemkosea Sajenti aliambiwa, "Uko chini ya kifungu cha kumi na nne." Aliyeegesha gari vibaya aliambiwa hivyo. Aliyejibu kwa mkato aliambiwa hivyo, na aliyeuliza kifungu hicho kinasemaje alikuwa amejiongezea kosa la pili, nalo pia lilikuwa la kifungu cha kumi na nne. Hata mbuzi aliyeingia kaunta akatafuna kurasa tatu za kitabu cha matukio alisomewa kifungu hicho. Kati ya wote waliokamatwa, mbuzi peke yake ndiye hakuuliza sababu.

Mtaani wakampa jina la Afande Kumi na Nne. Yeye alidhani ni heshima.

Mahakamani alifika mara chache, na mara moja inakumbukwa. Hakimu alimuuliza, kwa upole, kifungu cha kumi na nne cha sheria ipi. Sajenti akasimama wima na kujibu, "Cha sheria yote, mheshimiwa." Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamwachia mshtakiwa. Jioni hiyo tulisimuliwa nyumbani jinsi hakimu alivyokosa la kusema.

Haki yake nayo tumpe. Hakuwahi kuinua mkono juu ya mtu aliyemkamata. Watoto waliopotea aliwarudisha kwao kabla chai yake haijapoa, maana alijua kila mlango wa mtaa huu na kila mama aliyekaa nyuma yake. Mtu aliyepotelewa na mtoto alifurahi kumkuta Sajenti kaunta. Aliyepotelewa na haki alishauriwa asubiri zamu ibadilike.

Sasa tufike kwenye suruali.

Miezi minne iliyopita, Sajenti alimpelekea kitambaa cha suruali ya gwaride fundi cherehani anayeshona barazani mkabala na kituo hiki. Fundi alimpima, akataja namba ya kiuno. Sajenti akamwambia ashone kwa namba aliyoizoea yeye. Fundi akatii. Siku ya gwaride, mbele ya wageni, Sajenti alipiga saluti na suruali ikaachia kwa nyuma, mshono mzima. Kesho yake saa mbili asubuhi alivuka barabara na kumkamata fundi.

"Kosa langu nini, afande?"

"Kifungu cha kumi na nne."

"Ndiyo, lakini nimefanya nini?"

"Hicho hicho."

Fundi alikaa kwenye benchi la kaunta hadi saa tisa alasiri, kisha akaambiwa aende. Hakuandikiwa shtaka. Cherehani yake, iliyokamatwa pamoja naye, ilibaki, ikaingizwa stoo ya vielelezo na kufungwa kikaratasi: *Kif. 14*. Tangu siku hiyo ameshona kwa mkono. Mwezi ujao shule zinafunguliwa, na ana sare sitini alizoahidi wazazi. Kwa utaratibu wa stoo, kielelezo hutolewa kwa saini ya askari aliyekiingiza. Askari huyo akistaafu, kielelezo kisicho na kesi hupelekwa makao makuu kupigwa mnada. Kwa hiyo fundi alikuwa na muda hadi leo saa kumi. Kila asubuhi alivuka barabara kuuliza, na kila asubuhi alijibiwa kwa namba.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimemaliza vitabu vyote vya nyumbani isipokuwa kimoja. Nikakichomoa. Meza ikayumba, mchuzi ukamwagikia mkono wa shati la Baba.

"Nani amegusa kitabu changu?"

"Mwache," Mama akasema, "ndiyo mara ya kwanza kinaguswa."

Nilitafuta kifungu cha kumi na nne, kwa sababu nilikuwa nimekisikia tangu nizaliwe na sikuwahi kukiona. Nikakisoma kwa sauti: *Askari anayemkamata mtu atamweleza, kwa lugha anayoielewa mtu huyo, sababu ya kukamatwa kwake.*

Baba akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza kama ni chapa mpya. Mama akamjibu kuwa kina umri wa ndoa yao.

"Sasa nilikuwa nawaambia nini watu wote wale?"

"Ulikuwa unawaambia kwamba una wajibu wa kuwaambia," Mama akasema. "Halafu huwaambii. Na cherehani ya mwenzako inaota kutu huko. Ijumaa ukivua hiyo kofia, nani ataitoa?"

Baba alisema ataliangalia. Jumatatu hakuliangalia. Jumanne alipita barabara ya nyuma. Jumatano alisema stoo imefungwa, na Mama akamuuliza mwenye ufunguo ni nani kama si yeye.

Jana Alhamisi akaenda. Koplo wa stoo, ambaye tunamshukuru kwa ubishi wake, alimpa fomu ya kutoa kielelezo na kukataa kuipokea hadi kila mstari ujazwe. Mstari wa tatu unasema: *Sababu ya kukamata.* Sajenti akaandika namba yake. Koplo akairudisha. "Hapo panataka maneno, afande." Wanaohusika wanasema alikaa na kalamu karibu nusu saa. Kisha akaandika, kwa mwandiko mzuri ambao hatukujua anao: *Suruali ilinibana. Nilinenepa.*

Akaibeba cherehani mwenyewe, begani, akavuka nayo barabara mchana kweupe. Akaiweka mezani kwa fundi, akasimama wima, akamweleza sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Akaomba radhi. Fundi alizungusha gurudumu, akasikiliza, akatia mafuta. Kisha akachukua futi yake.

"Geuka nikupime. Safari hii namba nataja mimi."

Suruali aliyovaa leo imeshonwa kwa namba hiyo. Tunaomba apige saluti bila woga.

Wengine hawakuombwa radhi, kwa sababu hatujui ni akina nani. Kitabu cha matukio, zile kurasa alizobakiza mbuzi, kina "Kif. 14" mara nyingi kuliko tarehe. Mkuu wa kituo, aliyesaini kurasa hizo kwa miaka tisa, anakaribishwa kuwa wa kwanza kucheka. Konstebo watatu vijana ambao tayari wamejifunza kuitaja namba hiyo kwa sauti ya Sajenti wanakaribishwa kukiazima kile kitabu cha kijani. Kiko juu ya meza yetu sasa, na meza inayumba.

Asante, Baba, kwa watoto uliowarudisha na kwa fomu uliyoijaza. Tunakutakia siku ndefu, suruali pana, na kwamba yeyote atakayekusimamisha njiani, sasa ukiwa raia kama sisi, akueleze kwa nini.