Ndege ya Kumlaza Nzai

Katika tuktuk ya kutoka Malindi kwenda Sabaki, Kahonzi alikuwa amempakata mjukuu wake mdogo, Nzai, yule mkubwa akiwa ubavuni, akimsikiliza bintiye Purity akishauriana na abiria waliyemkuta humo. Mama huyo alikuwa amewahi kulea watoto wa tajiri mmoja, akipanda nao ndege.

"Chukua ile inayopitia Uarabuni," alisema. "Huondoka usiku, watoto wakalala."

"Ya Ulaya hutua ikapumzika nusu siku," Purity akajibu. "Hadi Kanada kwa baba yao ni mbali, mama. Hawa wangu wawili watanyoosha miguu."

"Wanyooshe, nawe uwakimbize uwanja mzima na mabegi."

Walibishana hadi darajani. Bibi aliyempakata mtoto hakuulizwa neno.

"Na huyu mdogo hulalaje?" mama akauliza.

Purity alisita. "Mgongoni kwa bibi yake, amefungwa leso. Kwingine halali."

"Basi mwanangu, ndege ya hivyo haipo. Ibebe hiyo leso, na usiifue."

Kahonzi akatazama nje. Leso zote za safari alikuwa amezifua jana kwa sabuni ya kunukia, akazipiga pasi, bintiye asije akadharauliwa ugenini.

Tuktuk iliposimama, Purity na yule mama walikuwa wamerudia ubishi wao wa Uarabuni na Ulaya. Kahonzi akafungua leso ya kiunoni mwake, yenye moshi wa jikoni na jasho la asubuhi, akamfunika nayo Nzai. Akashuka na gauni tu, yeye ambaye tangu aolewe hakuwahi kuonekana barabarani bila leso.