Pikapu Iliyokataa Majani

Benchi la Mogogosiek ni ubao wa mkaratusi juu ya mawe mawili, mbele ya duka la Elmina, na hapo huamuliwa kila jambo isipokuwa nani atasimama afanye kazi. Kahawa hakuna. Tunakunywa chai ya vumbi, maana majani mazuri tunachuma ili wengine wanywe. Mwaka huo wa tisini na sita chuo kilikuwa kimefungwa kwa mgomo, nami nikawa nyumbani. Lori la kiwanda lilikwama kwenye matope, basi mama yangu, Chepchirchir, akapakia majani ya akina mama kumi na mmoja kwenye pikapu yake ayapeleke mwenyewe. Ikazima mbele ya benchi, saa saba mchana. Majani yakikaa guniani hupata joto, yanageuka mekundu, na karani wa kiwanda huyakataa. Kazi ya tangu alfajiri inamwagwa.

Fundi wetu ni Kipkurui, jina la kijiweni Waya. Alisogea na kikombe mkononi.

— Shusheni mzigo kwanza. Gari mgonjwa haibebi.

Tukashusha. Akachungulia chini ya usukani.

— Fyuzi ya pampu ya petroli imeungua.

Akaweka nyingine. Pikapu ikanguruma! Benchi likapiga makofi. Tukapakia, mama akaenda hatua ishirini. Kimya.

— Shusheni, akasema Waya.

Tukashusha tena. Fyuzi mpya, ikanguruma, tukapakia, ikazima. Magunia yalikuwa yameanza kutoa mvuke.

Kepher, anayeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kulinda lango la nyumba ya jenereta, akanyoosha kidole juu.

— Omera, ndugu zangu, mnaona hiyo laini ya stima? Stima kubwa inavuta stima ndogo. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? nikauliza.

— Wewe wa kampasi, ungejua stima usingeuliza.

Lazarus, Askofu asiye na kanisa, akakohoa.

— Mimi nasema hii gari ilizoea mwanaume. Mama Chepchirchir akishika usukani, inashtuka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo nikasimama kama niko kwenye mdahalo wa chuo.

— Bwana mwenyekiti, hoja hiyo haina miguu! Mama ndiye amekuwa akiiendesha tangu mwaka jana. Na nyinyi watatu mmekaa hapa majani yakiiva bila sufuria!

— Heshima, msichana, akasema Injinia.

— Heshima nitaleta jioni. Sasa nataka gari!

Mama alikuwa ameingiza mkono kwenye gunia, akipima joto kama anavyopima paji la uso la mtoto.

Tulipoanza kushusha mara ya tatu, akaja Jerusa, mmoja wa wale akina mama kumi na mmoja, na kikapu mgongoni, kuuliza kama majani yake yamefika. Alitutazama kidogo.

— Kwani ikiwa tupu pia inazima?

Waya akamtazama Injinia. Injinia akaitazama laini ya stima. Askofu akanywa chai.

— Ara, kumbe hamjui? akasema Jerusa.

Kweli hatukujua. Kila tulipoutafuta ugonjwa wake, tulikuwa tunaitibu ikiwa tupu.

— Pandeni! nikawaambia. Benchi lote. Nyinyi ndio mzigo.

— Mimi nina goti, Askofu akajitetea.

— Goti pia lina kilo.

Wakapanda, na akina mama wanne waliokuja na magunia yao wakaongezeka. Waya akaweka fyuzi nyingine, mama akawasha, nami nikalala chini kwenye matope na tochi ya Elmina, Waya kando yangu. Pale juu, nyuma ya pikapu, kuna fremu ya chuma ya kutundikia magunia ili majani yapate hewa. Bolti zake zilitokeza chini ya sakafu, ndefu kama meno ya ngiri. Askofu alipokaa vizuri, bati la sakafu likabonyea, bolti moja ikashuka, ikauma waya wa pampu na kuubana kwenye chasisi. Cheche!

— Shukeni! akapiga kelele Waya.

Bati likarudi juu, bolti ikauachia waya. Tangu mchana tulikuwa tukiwinda mnyama anayejificha kila tukishusha mzigo.

Waya akakata bolti kwa msumeno, akaunga waya, akaufunga kwa raba ya tyubu ya baiskeli, akausogeza mbali. Akaweka fyuzi ya mwisho iliyobaki dukani. Tukapakia. Hatua ishirini, mia, kona ya kanisa. Hatukuisikia ikizima.

Mama alirudi saa kumi. Karani, alisema, alizamisha mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akasema tu, “Weka kwa mizani.” Kisha mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: akaketi kwenye benchi, akavua gambuti, akacheka mpaka akafuta macho. Askofu akamsogezea nafasi mwenyewe.

— Nilisema mimi, kikulacho ki nguoni, akasema.

Jerusa alikuwa bado amesimama.

— Na hizo bolti ndefu, nani alifunga?

Waya, aliyezifunga, akachungulia kikombe. Injinia, aliyezichagua, akachungulia chake. Askofu, aliyeiombea fremu ilipokamilika, akamnyooshea Elmina kikombe haraka. Elmina akainamisha birika mpaka mwisho. Halikutoa hata tone.