Jaribio la Nne

Boti la kwenda kisiwa cha Takawiri lilikuwa limeshatoka Mbita, na Nicholas, aliyevuta kofia usoni apate usingizi, hakuupata. Nyuma yake mwalimu Cephas alikuwa anamweleza mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, habari za mpira wa Wamarekani, ule wa kubebwa mikononi.

"Mama, timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. La nne likishindikana, adui anauchukua papo hapo. Kwa hiyo hata ikibaki yadi moja, kocha anaamuru upigwe teke mbali. Mzungu fulani aliniachia kanda za video, nikahesabu. Waliothubutu kujaribu la nne walifaulu mara nyingi kuliko walivyoshindwa!"

"Yawa! Hiyo si hesabu, mwalimu, ni woga. Mimi nikiona wingu naanua omena, na mara nyingi mvua hainyeshi. Lakini siku moja tu zikiloa, mama mkwe atanisema mpaka Krismasi."

"Haswa! Hata kona zetu shuleni nimehesabu. Za juu sitini, bao moja. Kesho tunapiga fupi."

"Na mkifungwa?"

"Mwenyekiti wa bodi ya shule hajui kona, anajua kufukuza tu. Nitamwambia watoto walinikaidi."

Chini ya kofia, Nicholas aliacha kuutafuta usingizi.

Mama alicheka, akasema basi naye ni kocha wa Kimarekani kamili. Mwalimu akaanza kubisha, boti likagusa mchanga.

Nicholas akainua kofia. "Mwalimu," akasema kwa upole, "hebu mshikie mwenyekiti wako mkoba ashuke."