Dominiko Kobelo, Mkalimani Aliyesema Neno Lake Mwenyewe

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa kanisani na wa msikitini, shikamooni. Wasifu huu ulipaswa kusomwa na mwanamume. Wakaombwa wajomba, wakaombwa kaka zangu pia. Huyu akashikwa na kikohozi, yule akakumbuka shamba lake lina ngedere. Mwishowe umeniangukia mimi, mtoto wa dada yake. Nimeombwa pia niruke habari za mwaka 1954. Niliitikia kwa kichwa, kisha nikaziandika.

Marehemu Dominiko Kobelo alizaliwa hapa Matombo, katika kitongoji cha juu ya misheni, tarehe 4 Agosti 1909, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Andrea Kobelo na Bibi Maria. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Dominiko, kwa hiyo padre hakuhangaika kutafuta jina. Tangu utotoni alijulikana kwa woga. Mapadre walifuga bata bukini, na mmoja wao alikuwa mkali kuliko mbwa. Watoto wengine walimkimbia huku wakicheka. Dominiko alizunguka kupitia mtoni na kufika darasani amelowa hadi kiunoni, akafanya hivyo mwaka mzima. Mama yangu alipomtania alijibu, "Dada, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Chekeni tu."

Alisoma shule ya misheni hapa Matombo tangu 1918 hadi 1924, kisha mapadre wakampeleka Morogoro mjini, alikomaliza mwaka 1928. Kiingereza alikipenda kuliko masomo yote. Alisema ni kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsahihisha.

Mwaka 1931 aliajiriwa kuwa karani mkalimani katika ofisi moja ya serikali mjini. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na mitatu bila kosa. Mkalimani, alitufundisha, ni mdomo wa mtu mwingine: husemi lako, huongezi, hupunguzi. Wakati wa vita vya pili aliwatafsiria vijana waliochukuliwa kwa lazima kwenda mashamba ya mkonge, akarudi nyumbani asile. Lakini la kwake hakulisema. Mwaka 1947 ndipo alipomweleza mama yangu, kwa sauti ya chini, kwamba Tanganyika si mali ya Mwingereza, bali amekabidhiwa na mataifa aitunze.

"Ameahidi nini?" mama aliuliza.

"Kutuheshimu, kututendea haki, kutuendeleza mpaka tujitawale. Ameweka sahihi. Na kila baada ya miaka mitatu wanakuja watu kumkagua."

"Na wakikuta mbuzi wa watu wamekonda?"

Mjomba alichungulia nje kwanza, akarudisha mlango. "Watatuuliza sisi, dada. Hapo ndipo penye kazi."

Tarehe 15 Juni 1935 alifunga ndoa na Felista binti Benedikto katika kanisa hili hili. Kwa kuwa kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, walilima shamba la ukoo wa mkewe, nalo lilikuwa likiwalisha vizuri. Ilipokuja amri ya serikali ya kuchonga matuta ya ngazi mlimani kote, Bi Felista alichonga asubuhi tatu kila wiki, maana asiyechonga alitozwa faini au alifungwa. Udongo mweusi ukafukiwa, mwekundu ukaja juu, mahindi yakatoka mafupi kama majani ya mchaichai. Na aliyesimama barazani kuitafsiri amri ile alikuwa mume wake. Jioni moja Bi Felista alimwekea viganja mbele ya sahani. "Baba watoto," alisema, "yale maneno umeyatafsiri vizuri sana. Haya, itafsiri mikono hii pia."

Hapa ndipo nilipoambiwa niruke. Nami naogopa, wala siwafichi. Ila nikiruka hapa nitakuwa nimemzika mtu mwingine.

Septemba 1954 walifika wageni wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, wale wakaguzi wenyewe. Watu waliitwa barazani chini ya mlima, na marehemu akapewa kazi ya kutafsiri. Katika waliokuwepo, jirani yetu Mzee Mwinjuma peke yake ndiye aliyeniruhusu nimtaje, na haya yametoka kinywani mwake. Mgeni mkubwa aliuliza, "Hali zenu zikoje chini ya serikali hii?" Mzee Mwinjuma akajibu, "Njema, tunashukuru Mungu." Akaulizwa wa pili, wa tatu, wote wakasema njema, salama, tunashukuru. Mjomba alitafsiri kama walivyosema. Wazee walikuwa wanasalimia tu. Walikuwa wameweka ndizi na maji ya kunywa, wakingoja wageni watulie, ndipo waseme habari za matuta, faini na mahabusu. Mgeni hapokelewi kwa kilio kabla hajakaa. Sisi sote tumelelewa hivyo. Kumbe wageni walikuwa wanaandika. Mgeni mkubwa akafunga daftari, akashukuru, akasimama. Dereva akawasha gari.

"Tulimtazama Dominiko," Mzee Mwinjuma aliniambia. "Shati lote limelowa jasho. Nikasema moyoni, huyu sasa ataanguka."

Hakuanguka. Alisema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili kila mtu ajue alichosema: "Waheshimiwa, watu hawa bado hawajajibu. Hizo zilikuwa salamu. Hapa kwetu hata mwenye maiti ndani, ukimwuliza habari, husema njema, halafu hukupa kiti akueleze. Mkiondoka sasa, mtakwenda kuyaambia mataifa kwamba ahadi imetimizwa, na ushahidi wenu ni salamu."

Afisa aliyewaleta wageni akamtazama mjomba bila kupepesa. Mgeni mkubwa akarudi kukaa, akafungua daftari upya. Ndipo wazee wakasema. Wanawake wakaonyesha viganja. Mama mmoja akaeleza jinsi mwanawe alivyofungwa kwa kushindwa kuchonga akiwa na homa. Mjomba alitafsiri yote, haongezi, hapunguzi, mpaka sauti ikamkauka.

Wiki mbili baadaye aliambiwa kazini kwamba huduma yake haihitajiki tena. Sababu hakupewa. Mwaka uliofuata ghasia za kupinga matuta zilipotokea mlimani na watu wakakamatwa, alihamisha kitanda kutoka dirishani, akawa halali mpaka mbwa wanyamaze. Matuta yaliachwa, watu wakashangilia, yeye hakushangilia. Taarifa ya wageni wale hatukuiona, wala hatukujua kama jina lake limo. Hilo ndilo lililomla. Vijana walipomwita shujaa alikasirika kabisa. "Shujaa wa wapi?" alisema. "Walikuwa wanaondoka!"

Mwanzoni mwa 1956 alianza kuumwa kifua. Tulimsihi aende hospitali mjini, akakataa, kwa sababu kule ungeanza kwa kutaja jina dirishani. Masista wa zahanati ya misheni walimtunza kwa upendo, nasi tunawashukuru. Nilikuwa naye Jumapili, siku mbili kabla hajafariki, akaniambia, "Mwanangu, wakaguzi watarudi mwaka huu. Usiwaache waondoke na salamu."

"Mjomba, naogopa."

"Najua. Hata mimi naogopa tangu siku ile. Lakini mdomo ulikuwa unafanya kazi."

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 1957, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kwa desturi majina yao yangesomwa hapa, mkubwa hadi mdogo. Wenyewe wameomba yasisomwe. Leo asubuhi, kaburi likichimbwa, alikuja bwana mmoja mwenye koti la mvua, asiyejulikana na mtu yeyote hapa, akawa anawauliza watoto baba zao wanaitwa nani na wanakaa wapi. Labda ni mfiwa kama sisi. Labda siye. Siwalaumu binamu zangu. Hata mimi nimeogopa tangu nilipomwona. Lakini wakaguzi wakija watauliza nani anasema, na neno lisilo na mwenyewe halifiki mbali. Wote tukijificha, mwaka huu wataondoka na daftari limejaa njema.

Kwa hiyo andikeni kwamba marehemu ameacha pia mpwa mmoja, Modesta binti Veronika, wa Matombo, mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza. Nyumba yake ni ya pili kutoka kisimani. Siku watakapokuja wakaguzi atakuwepo barazani, na atasema.

Ee Bwana, mpokee Dominiko, umlaze mahali ambapo hakuna anayegonga mlango. Amina.